Dawa na Udongo Wake: Metali Nzito katika Mitishamba ya Mbarara na Nakivale

Sokoni Base Camp, ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, mafungu ya umuravumba na omubirizi hukaa chini ya turubai moja na nyanya na dagaa. Mnyarwanda, Mrundi, Mkongomani na Mnyankole wanaijua mimea hiyo tangu utotoni: wa kwanza kwa kikohozi, wa pili kwa homa na tumbo. Muuzaji akiulizwa ubora wa mali yake ana jibu lililo tayari: "Mama, hii haina kemikali, imeota yenyewe." Kilomita zipatazo 60 kutoka hapo, kwenye maduka ya dawa za asili mjini Mbarara, maneno ya namna hiyohiyo yamechapishwa juu ya vikopo na chupa.

Kama swali ni dawa za kuulia wadudu, jibu hilo lina uzito. Kama swali ni risasi, kadimi, aseniki na zebaki, halijagusa kitu. Metali hizo hazingoji mkulima azinyunyize. Zimo ndani ya mwamba, ndani ya vumbi la barabara, ndani ya tope la mto, na mti uliojiotea huzinywa sawasawa na mti uliopandwa. Bakteria hufa dawa ikichemshwa. Risasi haifi, na maji yakipungua sufuriani yenyewe huzidi kukolea.

Madhara yake hayana kelele, ndiyo maana hayahofiwi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Kwa mtoto huathiri ubongo, na kwa mjamzito hupita kondo la nyuma hadi kwa mwanawe. Kadimi hujikusanya kwenye figo na kukaa humo miaka 10 hadi 30. Mtu anayekunywa kikombe kila asubuhi kwa ajili ya presha au kisukari hatapata dalili wiki ile wala mwaka ule, na figo zikianza kulegea uzeeni hakuna atakayekumbuka kikombe.

Mjadala wa usafi wa mitishamba kwa kawaida hupangwa kwa ngazi. Juu kabisa huwekwa mti wa porini, chini yake bustani ya mbolea za asili, halafu shamba la mbolea ya dukani, na mwisho mimea ya kwenye magunia au maji, ambayo wengi huitazama kwa shaka kwa sababu ni mambo ya kisasa. Kwa metali nzito ngazi hiyo haisimami. Kinachoamua zaidi ni mahali mmea uliposimama, sehemu gani ya mmea inayotumika, na yaliyoupata baada ya kuvunwa. Mbinu ya kilimo ina mchango wake, lakini ni mdogo kuliko tunavyoaminishwa, na mara nyingine unakwenda kinyume na matarajio.

Mmea hupata metali kwa njia mbili: mizizi na uso wa majani. Risasi ikiingia mzizini kwa kawaida hung'ang'ania hapohapo. Risasi nyingi inayokutwa kwenye jani ni vumbi lililotua juu yake, na sehemu kubwa hutoka jani likioshwa vizuri. Kadimi ni tofauti. Inafanana na zinki, mmea unaihitaji zinki, basi kadimi hupenya kwa mlango uleule na kupanda hadi jani la juu kabisa. Huko kuosha hakusaidii. Kwa hiyo mganga anayetumia mizizi na yule anayetumia majani wana hatari mbili tofauti hata wakichimba kwenye shimo moja.

Tena mimea yenyewe haifanani. Kishona nguo, magugu yanayong'ang'ania suruali ya kila mpita njia na ambayo Uganda nzima huyatwanga kwa ajili ya vidonda, yamepimwa na watafiti wa China na kuwekwa kwenye kundi la mimea inayovuta kadimi kwa wingi kupita kawaida. Mnavu nao umo kwenye kundi hilo, na mnavu ni mboga na dawa kwa wakati mmoja. Wanasayansi huipenda mimea ya aina hii kwa kusafishia udongo uliochafuka: unaipanda, unaing'oa, unaitupa mbali pamoja na metali iliyobeba. Sisi huivuna mahali palepale na kuila. Kwenye udongo safi hapana neno. Kando ya gereji ni habari nyingine.

Tuanze na pori, kwa kuwa ndilo linalosifiwa zaidi. Siku hizi pori la mchumaji wa Mbarara mara nyingi ni ukingo wa barabara, kichaka nyuma ya kiwanda, au kando ya mto Rwizi. Mto huo huanzia vilima vya Buhweju, ambako wachimbaji wadogo hutafuta dhahabu. Nchini Uganda wachimbaji wa namna hiyo wamezoea kukamatia dhahabu kwa zebaki. Kisha mto hupita katikati ya mji wa Mbarara, ukipokea maji ya sehemu za kuoshea magari, viwanda na mitaro, na kuendelea hadi kwenye mfumo wa maziwa ya Mburo, Kachera na Nakivale. Metali nzito haziendi mbali zikielea. Hushikamana na chembe za tope, na tope hutua pale maji yanapopunguza kasi, yaani kwenye vinamasi na fukwe za maziwa. Hapo ndipo mitishamba ya majimaji huchumwa, na hapo ndipo watu hulima kiangazi.

Kinamasi kina tabia yake. Udongo ukiwa umefunikwa na maji hukosa hewa. Kadimi hujifunga na salfa na kutulia, ilhali aseniki hufunguka na kuwa rahisi kunywewa na mizizi. Maji yakikauka mambo hugeuka: aseniki hutulia, kadimi huachiliwa. Jani la kingo za ziwa lililochumwa masika na lile lililochumwa kiangazi linaweza kutoa majibu tofauti maabara, na kipimo kimoja kilichofanywa mara moja hakitoshi kumtuliza mtu.

Magome nayo yana historia ndefu. Mti kama ule wa tezi dume, ambao biashara yake ya kimataifa imewekewa masharti tangu 1995, huvuliwa gome lililokaa hewani kwa miaka mingi. Uganda, pamoja na nchi nyingine za Afrika kusini mwa Sahara, iliacha petroli yenye risasi mwanzoni mwa 2006. Mti mkubwa ulio kando ya barabara ya Kampala umepokea moshi wa magari ya enzi ile, na udongo ulio chini yake bado unayo risasi hiyo, kwa sababu haina pa kwenda. Gome la mti huohuo ndani ya msitu, mbali na lami, ni dawa nyingine.

Anayetaka kuona udongo unavyobeba mambo ya zamani aende Kilembe, wilaya ya Kasese. Mgodi wa shaba ulifanya kazi huko tangu 1956 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, ukaacha vilima vya mabaki ambavyo mto Nyamwamba huvila kila mafuriko. Abraham Mwesigye na wenzake, katika utafiti waliouchapisha 2016, walifuata shaba, kobalti na metali nyingine kutoka kwenye udongo na vumbi la nyumbani hadi kwenye maji na majani ya mboga wanayokula watu. Wakati huo mgodi ulikuwa umefungwa kwa zaidi ya miaka 30. Hakuna mkulima wa bonde lile aliyenunua kobalti. Bustani yake ni ya asili kwa kila kigezo cha lebo. Isingiro, wilaya yenye Nakivale, nayo ilichimbwa bati tangu enzi ya ukoloni, hasa upande wa Kikagati karibu na mpaka wa Tanzania. Nchi ya Ankole ni nchi ya ng'ombe pia, na popote Afrika Mashariki penye josho kuukuu inafaa kuuliza lilianza kutumia dawa gani, kwa maana majosho ya mwanzo ya ukanda huu yalitumia aseniki.

Kilimo hai kina alama yake inayojulikana, Kilimohai, iliyozaliwa na viwango vya Afrika Mashariki vya 2007. Ni alama inayostahili heshima, ila isomwe kwa kile inachosema. Inaeleza namna mkulima anavyolima: hakutumia mbolea ya kiwandani, hakutumia sumu. Haisemi udongo ulikuwa na nini kabla hajaushika. Samadi ya ng'ombe wa malisho wa Ankole kwa kawaida ni salama. Ya kuku na nguruwe wanaolishwa vyakula vilivyoongezwa shaba na zinki ni ya kuangaliwa. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni mboji ya mji. Kenkombe, nje kidogo ya Mbarara, pana mtambo wa kugeuza taka za mji kuwa mboji, mmoja wa ile iliyojengwa katika miji kadhaa ya Uganda chini ya mradi wa mamlaka ya mazingira, NEMA, na Benki ya Dunia. Wazo ni zuri, na maganda ya matoke hayana ubaya wowote. Lakini taka za miji yetu hazitenganishwi nyumbani: betri za redio, vipande vya taa, mabati yenye rangi na nyaya hufika jalalani ndani ya mfuko uleule wa maganda. Mboji ya taka zilizochanganyika inaweza kubeba risasi nyingi kuliko gunia la mbolea ya dukani, na bado ikaitwa ya asili. Kila shehena ingepimwa kabla ya kuuzwa kwa wakulima wa mboga na dawa, sehemu kubwa ya wasiwasi huu ingekwisha.

Mbolea ya dukani nayo haina rekodi safi. Fosfeti inayochimbwa kwenye miamba ya mashapo huja na kadimi, kiasi kikitofautiana kwa chimbo. Umoja wa Ulaya ulilazimika kuweka kikomo cha miligramu 60 za kadimi kwa kila kilo ya fosforasi iliyohesabiwa kama oksaidi, kikaanza kutumika Julai 2022. Fosfeti ya miamba ya moto, kama ya vilima vya Sukulu huko Tororo, kwa kawaida ina kadimi kidogo sana, jambo ambalo Uganda ingeweza kulitangaza kwa majivuno zaidi. Mbolea za naitrojeni zina hila nyingine: hazina kadimi ya kutaja, lakini zikitumika mwaka hadi mwaka huongeza uchachu wa udongo, na udongo mchachu huifungulia kadimi iliyokuwamo tangu zamani. Mkulima hakuongeza metali hata chembe. Ameifungulia mlango tu. Chokaa huufunga tena, na mboji safi husaidia kwa kuishikilia.

Sasa Nakivale yenyewe. Makazi haya yalianzishwa 1958 na kutambuliwa rasmi 1960 wakati Watutsi wa Rwanda walipokuwa wakikimbia. Leo yana watu zaidi ya laki moja na nusu, Wakongomani wakiwa wengi, pamoja na Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na wengineo, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wengi wao. Mkimbizi hachagui kiwanja. Hupimiwa na Ofisi ya Waziri Mkuu, na kipande anachopewa kimekuwa kikipungua kadiri watu wanavyoongezeka. Ndiyo maana bustani ya gunia imeenea. Hutengenezwa hivi: kopo kubwa lisilo na kitako husimamishwa katikati ya gunia tupu, hujazwa kokoto, udongo humwagwa kulizunguka; kopo huvutwa juu kidogo, kokoto tena, udongo tena, mpaka gunia lisimame likiwa na nguzo ya mawe ndani yake ya kupitishia maji. Ubavuni hutobolewa matundu, na humo huchomekwa sukuma wiki, mchaichai, mrehani, wakati mwingine shubiri juu kabisa. Maji ya kuoshea vyombo humwagwa kwenye nguzo ya mawe jioni.

Kwa upande wa metali, gunia ndilo mbinu yenye matumaini makubwa kuliko zote, nami nasema hivyo nikijua kwamba wengi huliona kama kilimo cha dhiki. Linampa mtu asiye na uchaguzi wa kiwanja uchaguzi wa udongo. Mkimbizi aliyepimiwa ardhi penye jalala la zamani anaweza kubeba ndoo ishirini za udongo wa kilimani na kulima juu ya uchafu bila kuugusa. Ila uchaguzi huo hauna maana asipoelezwa kwamba upo. Udongo wa gunia mara nyingi huzolewa hatua chache kutoka mlangoni, mahali pale pale panapochomwa taka, kwa sababu unaonekana mweusi na mwororo. Weusi huo ni majivu. Majivu ya kuni hupunguza uchachu, kwa hiyo huizuia kadimi isipande. Majivu ya taka zenye plastiki, nyaya na betri huleta risasi, zinki na kadimi nyingine. Majivu yote mawili yana rangi moja mkononi. Kisha kuna betri za sola zilizokufa. Sola imeingia karibu kila pembe ya Nakivale, na betri ya risasi ikifunguliwa na fundi uani ili auze vipande vyake, shimo moja la tindikali iliyomwagwa linatosha kuharibu udongo wa magunia mengi.

Kilimo cha maji bila udongo hakijafika kwa mganga wa kawaida, basi nitasema machache: hukwepa udongo mbaya, lakini huhamishia suala zima kwenye maji na chumvi za virutubisho, na hizo hununuliwa dukani.

Tuchukulie mmea umetoka shambani ukiwa safi. Bado safari ni ndefu, na nadhani hapa ndipo tunaposhindwa zaidi. Majani huanikwa kwenye turubai kando ya barabara ya vumbi kwa kuwa ndiko kwenye jua na wateja. Hupelekwa kwenye mashine ya kusaga mahindi, ambayo mawe au sahani zake za chuma hulika na kuacha unga wa chuma ndani ya unga wa dawa. Halafu sufuria. Zile zinazoyeyushwa kutoka kwenye vyuma chakavu, injini na vipuri, kama zinazotengenezwa Katwe mjini Kampala, zinaweza kuwa na risasi. Jeffrey Weidenhamer wa Marekani na wenzake walizipima za Kamerun mwaka 2014, na 2017 wakapima vyombo kutoka nchi kumi, Kenya na Tanzania zikiwamo. Takriban theluthi moja vilionyesha kutoa risasi ya kutia hofu. Kitu kichachu huichota zaidi. Dawa iliyokamuliwa limau na kuchemshwa nusu saa ndani ya sufuria ya namna hiyo inaweza kutoka na risasi ambayo mmea haukuwahi kuiona. Chungu kisicho na rangi, au sufuria ya chuma kisichoshika kutu, ni bora.

Wajawazito wapewe nafasi yao hapa kwa sababu ya emumbwa, ule udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na mitishamba na kukaushwa vijiti, unaokwanguliwa ndani ya maji. Tanzania nako wajawazito hula udongo wa pemba. Utafiti uliofanywa Geita na kuchapishwa 2014 ulikuta aseniki na risasi katika udongo unaoliwa na wajawazito wa maeneo ya machimbo ya dhahabu. Kwa emumbwa, mbinu ya kulima majani haina la kusema; udongo wenyewe ndio sehemu kubwa ya dozi.

Pia kuna dawa ambazo metali zake hazikutoka shambani kabisa. Boston, mwaka 2004, madaktari walinunua dukani dawa 70 za Ayurveda zilizotoka Asia ya Kusini. 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki, na katika mapokeo hayo baadhi ya metali huongezwa makusudi kama kiungo cha tiba. Anayelaumu kilimo kwa kila kitu atapitwa na mambo kama haya.

Viwango vipo, ila vinasomwa vibaya. Shirika la Afya Duniani limependekeza malighafi ya mitishamba isizidi miligramu 10 za risasi na 0.3 za kadimi kwa kilo. Kitabu rasmi cha viwango vya dawa cha Ulaya huruhusu 5 za risasi, 1 ya kadimi na 0.1 ya zebaki. Tazama hesabu. Mtu anayekula gramu 10 za unga wa mlonge kwa siku, unga wenye risasi kiasi cha juu kabisa kinachoruhusiwa na pendekezo la kwanza, humeza mikrogramu 100 za risasi. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani imeweka alama ya tahadhari ya mikrogramu 8.8 kwa siku kwa mwanamke wa umri wa kuzaa, na 2.2 kwa mtoto. Unga umefaulu mtihani, na mama amepita alama zaidi ya mara kumi. Kadimi hutoa picha tofauti: gramu 10 za majani yenye 0.3 kwa kilo ni mikrogramu 3, ilhali kiwango kinachovumilika kwa mtu wa kilo 60 ni kama 50 kwa siku, vyakula vyote vikijumlishwa. Tena chai huacha sehemu kubwa ya metali kwenye makapi. Kwa hiyo anayekunywa chai ya mchaichai na anayemeza unga wenyewe kijiko kizima hawako kwenye hatari moja, hata mmea ukiwa mmoja. Kiwango cha kilo kilitungwa kwa ajili ya mfanyabiashara wa malighafi. Mgonjwa anahitaji kiwango cha kijiko.

Nani apime? Mbarara si mahali pa kubezwa kwa elimu ya mitishamba. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kilichoanzishwa 1989, kina kituo cha tiba asilia na bioteknolojia ya dawa, PHARMBIOTRAC, na ni Profesa Patrick Ogwang wa chuo hicho aliyetengeneza Covidex, dawa ya mitishamba iliyoruhusiwa na Mamlaka ya Taifa ya Dawa Juni 2021 kama tiba ya kusaidia wagonjwa. Sheria ya tiba asili na tiba mbadala ilipitishwa 2019. Lakini macho ya sheria yanaangalia chupa yenye lebo. Fungu la sokoni Base Camp halina lebo, na anayelitegemea ndiye mwenye uwezo mdogo wa kununua chupa.

Kipimo chenyewe si cha ajabu: jani huoshwa kwa maji safi, hukaushwa, husagwa, nusu gramu huchemshwa katika asidi ya naitriki hadi iwe maji angavu, kisha hupulizwa ndani ya mwali wa mashine inayosoma metali moja baada ya nyingine kwa mwanga unaofyonzwa. Ghali ni kufanya hivyo kwa kila fungu. Ndiyo maana nashawishika kwamba fedha kidogo iliyopo ielekezwe kwenye ardhi kuliko kwenye majani. Ofisi ya Waziri Mkuu tayari inapima mipaka ya kila kiwanja Nakivale. Kifaa cha mkononi cha mionzi kinaweza kusoma risasi ya udongo kwa dakika chache, na ramani ya mashimo ya betri, majalala ya zamani na mabaki ya machimbo ikabandikwa kwenye ofisi za kanda, ikisema kwa Kiswahili wapi pasizolewe udongo wa gunia. Kifaa hicho hakioni kadimi ya kiwango cha chini. Hiyo itabaki kazi ya maabara, kwa sampuli chache zilizochaguliwa kwa akili: kishona nguo na mnavu za kandokando ya ziwa, mara moja masika na mara moja kiangazi.